Siku Njema Ndizo Zilizonishinda

Mhariri,

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: mtu anayeandamwa na maradhi yanayorudi mara kwa mara anawezaje kudumu katika kazi inayomdai nguvu zake zote? Nililisoma mara mbili kabla ya kuamua kulijibu, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani mnauliza juu ya siku za ugonjwa, na juu ya siku hizo sina la maana la kumwambia mtu. Ninapougua hakuna uamuzi wa kufanya: nafunga mapazia, nameza dawa, nalala na kusubiri. Kilichonichukua miaka mingi kukielewa ni namna ya kuishi siku ambazo ni mzima.

Mimi ni mhasibu, na maradhi yangu ni kipandauso. Nayataja kwa jina kwa makusudi, maana wengi wakilisikia neno hilo hufikiri ni kuumwa kichwa tu, kama kwamba kichwa ndicho kinachougua peke yake. Kipandauso changu hupita hatua nne. Saa kadhaa kabla, wakati mwingine siku nzima, napiga miayo ilhali sina usingizi, shingo inakakamaa, na nakereka kwa mambo madogo. Kisha, ingawa si kila mara, macho huanza kuona kisichokuwapo: doa dogo linalometameta, likitanuka polepole kuwa upinde wenye meno kama ya msumeno, na ndani ya upinde huo pengo linalomeza tarakimu. Baada ya hapo huja maumivu yenyewe, yenye kupwita upande mmoja wa kichwa, pamoja na kichefuchefu na kutostahimili mwanga wala sauti. Madaktari huhesabu kwamba hatua hii, isipotibiwa, hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Ya mwisho ni siku ya uchovu, ambayo watu wengine huiona kuwa siku ya kupona, wakati akili bado ni nzito kama godoro lililolowa maji. Watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana maradhi haya, na wanawake ni takribani mara tatu ya wanaume, kwa hiyo karibu kila ofisi yenye watu wengi ina mmoja wetu, aghalabu aliyenyamaza.

Kazi yangu nayo ina mzunguko wake usiojali afya ya mtu. Mwisho wa kila mwezi tunafunga hesabu: mishahara iwe imelipwa, taarifa za benki ziwe zimelinganishwa na leja, madai ya wauzaji yawe yamehakikiwa, na taarifa iwe mezani kwa mkuu wa fedha ndani ya siku tano za kazi. Tarehe hiyo haiahirishwi. Kwa hiyo tangu niajiriwe nilikuwa na kanuni ambayo sikuwahi kuitamka lakini niliitii kama sheria, kwamba siku ya ugonjwa ni deni, na deni sharti lilipwe. Nikikosa kazini siku mbili, siku ya tatu nilifika kabla ya mfagizi na kuondoka baada ya mlinzi kuzima taa. Sikula mchana. Nilipofika nyumbani niliendelea kuandika barua pepe hadi usiku wa manane, nyingine zisizo na haraka yoyote, ili tu saa iliyoonekana juu ya ujumbe inishuhudie kwamba mimi si mvivu.

Mtu yeyote anayejua kipandauso ameshaona kosa lilipo. Usingizi uliovurugika, mlo ulioachwa na uchovu mkubwa ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kwa kuchochea shambulio. Nilikuwa nalipa deni moja kwa kukopa jingine, jambo ambalo ningemkemea mteja yeyote aliyeniletea vitabu vya namna hiyo. Kibaya zaidi, hata mwezi ambao nilifaulu kufunga hesabu bila kuanguka, niliugua siku ya kwanza ya mapumziko. Nilidhani ni mkosi, hadi nilipoelezwa kwamba kupungua kwa ghafla kwa msongo, baada ya siku nyingi za kukaza, nako kunaweza kuleta shambulio. Mwajiri wangu hakuziona siku hizo kamwe. Familia yangu ndiyo iliyozilipia.

Naomba nikae kidogo juu ya dawa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia zaidi, na ndipo naamini wenzangu wengi wenye kazi nzito wanapoumia bila kujua. Nilipoona kwamba siwezi kumudu kukosa kazini, nilianza kumeza dawa za kutuliza maumivu kwa kubahatisha: kidonge asubuhi kwa sababu shingo ilikuwa imekaza, kingine mchana kwa sababu kesho yake kulikuwa na kikao. Mwanzoni zilinisaidia. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa naamka na kichwa kizito karibu kila siku, si shambulio kamili, bali ukungu wa maumivu usioisha, nami nikawa naongeza dawa. Daktari aliyenipokea hakuniuliza kwanza kichwa kinauma wapi. Aliniuliza nimemeza dawa siku ngapi katika mwezi uliopita. Sikuweza kujibu, mimi ambaye kazi yangu ni kuhesabu. Alinieleza kwamba dawa hizohizo, zikitumiwa mara nyingi mno kwa muda wa zaidi ya miezi 3, zinaweza zenyewe kuzaa maumivu ya kichwa ya kudumu, na kwamba mpaka unaokubalika ni siku 15 kwa mwezi kwa dawa za kawaida kama parasetamoli na ibuprofeni, na siku 10 tu kwa zile za kundi la triptani, yaani dawa mahususi za kipandauso, au zilizochanganywa. Kinachohesabiwa ni siku, si vidonge. Nilikuwa nimeuvuka mpaka huo kitambo.

Kuziacha kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia, kwani kabla ya hali kutengemaa maumivu yalizidi, na nilitumia sehemu kubwa ya likizo yangu ya mwaka kwa jambo hilo. Baadaye nilianzishiwa propranololi, dawa iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya moyo, ambayo humezwa kila siku ili kupunguza idadi ya mashambulio. Haimfai kila mtu, mwenye pumu kwa mfano, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha lolote, ndiyo maana wengi huiacha mapema wakidhani imeshindwa. Sijapona, wala sikuahidiwa kupona. Nilikuwa na mashambulio sita au saba kwa mwezi, sasa ni mawili, wakati mwingine matatu.

Daktari alinitaka pia niweke daftari. Nililidharau wazo hilo mpaka nilipokuja kusoma kwamba Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza aliyeugua kwa miongo mingi ugonjwa ambao wataalamu bado wanabishana ulikuwa upi, aliandika hali ya afya yake siku kwa siku kuanzia 1849 hadi 1855, na katika miaka hiyohiyo akaendelea na utafiti wake. Nikaona kama mtu yule hakulionea haya daftari, mimi ni nani? Langu lina safu tano tu: saa nilizolala, saa nilizofanya kazi, dawa, dalili, na neno moja juu ya siku yenyewe. Baada ya miezi minne lilinionyesha mambo mawili. Kwanza, vitu nilivyokuwa nikivilaumu havikuwa na hatia. Nilikuwa nimejinyima vitu vitamu kwa miaka kwa kuwa kila nilipovila niliugua. Kumbe hamu ile ya vitu vitamu, sawa na miayo, ilikuwa dalili kwamba shambulio limekwisha kuanza. Pili, mashambulio yangu mengi hayakufuata siku mbaya. Yalifuata siku zile nilizoziandikia neno "nzuri", siku ambazo nilijisikia mwenye nguvu na kufanya kazi saa kumi na mbili mfululizo kwa furaha ya kuwa mzima.

Tangu hapo nimejiwekea ukomo wa siku njema. Naondoka ofisini saa kumi na moja jioni hata nikiwa na nguvu, na hasa nikiwa na nguvu. Nalala na kuamka saa zilezile, pamoja na siku za mapumziko. Nakula mchana. Hayo yanaonekana madogo kwa mtu asiyejua aibu ya kuchukua mkoba wako na kuaga, ukiwa umesimama wima na kutabasamu, mbele ya wenzako ambao juzi walikufanyia kazi ulipokuwa mgonjwa. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya utani usio utani, "Leo si umepona? Mbona unakimbia?" Nilitamani kurudi kuketi. Mpaka leo hakuna sehemu ya matibabu yangu iliyo ngumu kuliko kutembea kutoka kwenye kiti changu hadi mlangoni.

Kuhusu kumwambia mkuu wa kazi, nilichelewa miaka tisa, na nilipomwambia mara ya kwanza nilikosea. Nilimweleza maumivu. Alinihurumia kwa dhati, kisha akaanza kuninyima kazi za maana, jambo ambalo lilinichoma kuliko kichwa. Mara ya pili nilikwenda na karatasi moja isiyotaja maumivu hata kidogo: ni siku ngapi kwa mwezi ninatarajia kukosa, ni kazi zipi zinazoathirika, nani anaweza kuzishika, na ninahitaji nini. Nilichohitaji kilikuwa kidogo. Niliomba ulinganishaji wa taarifa za benki ufanywe kila wiki badala ya kurundikwa mwisho wa mwezi, taa ya juu ya meza yangu iondolewe, na mwenzangu mmoja apewe ruhusa ya kuingia katika mafaili yangu. Badiliko la kwanza, nilivyotarajia, liliwafaa hata walio wazima, kwa kuwa siku tano za kufunga mwezi ziligeuka kuwa tatu.

Ruhusa ile ya mafaili ina maelezo yake. Mwaka 1941 mwanasaikolojia wa Marekani, Karl Lashley, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na kipandauso, alichora jinsi doa la machoni mwake lilivyokuwa likikua, akakadiria kwamba kinacholisababisha husafiri juu ya ubongo kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Aristides Leão, mtafiti wa Brazili, alieleza wimbi la taratibu la aina hiyo alilolipima katika ubongo wa sungura. Ni mwendo wa konokono, na kwangu una faida yake: tangu doa linapotokea hadi maumivu yanapoanza, nina dakika 20 au 30. Zamani nilizitumia kuharakisha kazi, yaani kuandika tarakimu nisizoziona vizuri, na makosa niliyoyafanya katika dakika hizo yaliwahi kunigharimu wiki nzima ya kuyatafuta. Sasa siandiki tarakimu hata moja. Nameza dawa yangu mapema, wakati bado inaweza kusaidia, kisha namwambia mwenzangu kwa mdomo nimefika mstari upi, kipi hakijathibitishwa, na kipi kinaweza kusubiri. Halafu natafuta wa kunipeleka nyumbani, kwa kuwa kuendesha gari na pengo machoni ni kuhatarisha watu wasiohusika. Niongeze tu kwamba maumivu yanayolipuka ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au yanayoambatana na udhaifu wa kiungo au ulimi mzito usiouzoea, si ya kuandikwa kwenye daftari bali ni ya kukimbizwa hospitali mara moja.

Najua kwamba haya niliyoyaeleza yanamhitaji mtu mwenye ajira ya mkataba na mkuu anayesikiliza. Anayelipwa kwa siku hana ukomo wa kujiwekea, na kumwambia "pumzika" ni kumwambia asile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataka mwenye ulemavu afanyiwe marekebisho yanayofaa mahali pa kazi, lakini kama maradhi yanayokuja na kuondoka yanaingia humo ni jambo linalotegemea sheria za kila nchi, na hata pale yanapoingia, wengi wetu hatuthubutu kudai kwa sababu siku ya kudai huwa tunaonekana wazima.

Na kuna jambo ambalo mimi pia sijalipatia ufumbuzi, nalo ni ukaguzi wa mwaka. Wakaguzi hukaa kwetu wiki tatu, huuliza wanapotaka, na hawana habari na saa kumi na moja yangu ya jioni. Mara ya mwisho niliugua mara mbili katika wiki hizo, moja nikiwa mbele yao, katikati ya swali juu ya thamani ya mali. Mwaka huu nimeandika kuomba maswali yote yanayonihusu yaletwe asubuhi, na kwa maandishi kila inapowezekana. Barua iko mezani kwa mkuu wangu tangu juma lililopita, na hajanijibu.