Kabla hujaurudisha ubao wa mlango wa MGB

Mwenye MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, akishamaliza kulipaka rangi, hamu yake huwa moja: aione reksini mpya mlangoni. Namwelewa kabisa, maana ubao mpya, ule wa ndani ya mlango unaovalishwa reksini, hubadilisha sura ya gari zima. Lakini namwomba asubiri kidogo. Kinachoamua umri wa mlango kiko nyuma ya ubao, na ukishaufunga hukioni tena.

Kwanza tukubaliane kwamba maji ya mvua huingia ndani ya mlango, na waliolitengeneza gari walilijua hilo. Mpira unaosugua kioo kwa nje huyapunguza tu. Yanayopenya huteremka na kioo mpaka chini, halafu hutokea kwenye matundu madogo yaliyo ukingoni mwa mlango. Matundu hayo yakizibwa na mchanga, majani au rangi mpya, maji hutuama pale ambapo bati la nje limekunjiwa kwenye fremu. MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na mshono huo wa chini ni maarufu kwa kuoza hata huko kwao. Sisi hapa Unguja tuna masika na vuli, na juu ya mvua tuna chumvi. Gari linalolazwa Mizingani au Forodhani hupigwa na upepo wa bahari usiku kucha.

Basi mlango ukiwa bado wazi, zibua matundu kwa waya, mwagia kioo maji kwa kopo, kisha chuchumaa uangalie yanatokea wapi. Yatoke chini ya mlango, yasimiminike upande wa ndani ya gari. Uache mlango ukauke vizuri juani, upake mshono mafuta ya kuzuia kutu, halafu pitisha waya tena, kwa sababu mafuta mazito nayo huziba.

Pandisha na teremsha kioo mara kadhaa. Tia grisi kwenye reli zake, jaribu kitasa kwa ndani na kwa nje. Usisahau kuangalia chini ya kile kioo kidogo cha pembetatu cha mbele: bati la nje la MGB hupasuka hapo. Ukiuona ufa, upeleke mlango kwa fundi wa kuchomea sasa hivi. Moto wa kuchomea na reksini mpya havikai pamoja.

Sasa nailoni, ile inayofunika uwazi wa mlango nyuma ya ubao. Hapa ndipo ninapobishana na mafundi wengi, kwa sababu wao huiona kama karatasi ya kufungia tu, wakiikuta imechanika huitupa. Nailoni ndiyo inayoukinga ubao. Nunua ile nene, uikate kubwa kuliko uwazi wa mlango, uitoboe panapopita kitasa na shina la hendeli ya kupandishia kioo tu. Ukingo wake wa chini uingize ndani ya mlango, ili tone linaloteleza kwenye nailoni lirudi mlangoni na kutoka kwa matundu. Ukiuacha ukingo huo uning'inie kwa nje, umeyapeleka maji kwenye ubao kwa mkono wako. Juu na pembeni tumia utepe mzito unaonata bila kukauka, usitumie gundi ngumu, kwani ipo siku utataka kuibandua bila kuichana.

Ubao wa asili ni hadibodi, na hadibodi ikinywa maji huvimba, matundu ya klipu zinazoushikiza mlangoni yakamomonyoka. Ule wa zamani, hata ukiwa umeoza, usiutupe: ndio kipimo chako cha kukatia mpya. Mimi napendelea plaiwudi nyembamba ya milimita 3. Nene zaidi ya hapo itakusumbua, klipu hazitafika na shina la hendeli litabaki fupi. Kabla ya reksini, paka vanishi pande zote mbili, kingo zote, na ndani ya kila tundu. Mwombe fundi wa viti abandike reksini kwa gundi badala ya pini za chuma, maana pini hushika kutu na doa lake hujitokeza mbele. Gundi iachwe mpaka isigande kidoleni ndipo reksini ilazwe.

Kuufunga ubao wenyewe ni kazi fupi. Linganisha kila klipu na tundu lake, kisha gonga kwa kiganja juu yake. Inayokataa imepinda au haijalingana, kwa hiyo itoe uitazame, nyundo haitakusaidia. Hendeli huja mwisho, kioo kikiwa juu kabisa, na za milango yote miwili zielekee upande mmoja. Chini yake weka washa ya plastiki ili isiikwaruze reksini.

Ikinyesha mvua kubwa ya kwanza, ingiza mkono chini ya zulia karibu na mlango. Ukigusa unyevu, chomoa klipu za chini kwa bapa la bisibisi pana, ukisukuma karibu kabisa na kila klipu, na uanze kwa kuangalia kama ukingo wa nailoni umetoka nje.