Jina la tovuti likiisha muda halifi, linapangishwa

Wiki hii msomaji mmoja, dada mwenye nyumba ya wageni Nyali, ameniandikia kwamba wateja wakifungua tovuti yake wanakuta orodha tupu ya viungo: hoteli za Mombasa, tiketi za ndege, mikopo ya haraka. Anadhani amedukuliwa. Hujadukuliwa, dada yangu. Jina limeisha muda na limeegeshwa (parking), yaani limewekewa ukurasa wa matangazo. Mgeni akibofya "hoteli" hupelekwa ukurasa wa pili wenye matangazo yenyewe, na akibofya hapo, mwenye kuliegesha analipwa. Yaani mteja aliyekuwa anakutafuta wewe anauzwa kwa jirani yako.

Kabla ya kumpigia fundi simu, fungua lookup.icann.org, uandike jina lako la .com na usome mstari wa hali (Status). Likiwa bado halijafutwa, lipa leo leo, mara nyingi ni kwa ada ya kawaida. Msajili, yaani kampuni iliyokusajilia jina, anaweza kulishikilia hadi siku 45 baada ya kuisha, lakini halazimiki kukupa zote, na wengi hulipiga mnada mapema. Ukiona "redemptionPeriod", limeshafutwa na una hadi siku 30 za kulikomboa, kwa ada inayozidi ile ya mwaka mara kadhaa. Ukiona "pendingDelete" peke yake, bila "redemptionPeriod", zimebaki siku zisizozidi 5 na hakuna wa kulirudisha, hata msajili mwenyewe. Likiachiwa, programu za kunasa majina hulidaka kwa sekunde. Majina ya .co.ke yako chini ya KeNIC, msimamizi wa majina ya Kenya. Muulize msajili wako kalenda yake, usikisie kwa hii ya .com.

Watu husema hawakupata onyo. Kwa majina kama .com, ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, inamtaka msajili akuandikie takriban mwezi mmoja kabla, tena takriban wiki moja kabla, na mara ya tatu ndani ya siku 5 baada ya jina kuisha. Barua zinatumwa, sema zinaenda wapi? Kwa info@ ya jina hilohilo, ambalo likizimwa barua pepe nayo inazimika. Au kwa fundi aliyelisajili kwa jina lake, akabadilisha laini, akahamia Nairobi. Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi. Fundi wa namna hiyo hajakujengea tovuti, amekukodisha bila kukwambia. Dai akaunti ya msajili iwe yako, anwani ya mawasiliano iwe ya Gmail au nyingine iliyo nje ya jina hilo, na ulipie miaka kadhaa kwa mpigo; .com inaruhusu hadi 10. Kulipa kwa kadi kiotomatiki ni kuzuri mpaka kadi yenyewe iishe muda.

Na matangazo si hasara kubwa kuliko zote. Mwenye jina mpya anaweza kupokea barua zote zinazotumwa kwa jina lako la zamani, pamoja na zile za kubadilisha nywila za ukurasa wa Facebook na za iTax, mfumo wa kodi wa KRA. Kwa hiyo ukishalipoteza, shughuli ya kwanza ni kubadilisha anwani kwenye akaunti hizo, siku hiyohiyo. Tovuti mpya itasubiri.

Sasa upande wa pili, wewe uliyeweka viungo vya wenzako. Programu za kukagua viungo hutafuta jibu la 404 ("ukurasa haupo"), na ukurasa ulioegeshwa hujibu 200 ("upo"), kana kwamba mambo ni shwari. Ndiyo maana tovuti za shule na za utalii zinaweza kukaa miaka zikiwapeleka watu kwenye matangazo bila mtu kushtuka. Jaribio langu ni la kipuuzi lakini linafanya kazi: ongeza neno la ovyo mwishoni mwa anwani, mfano /viazikarai. Tovuti hai itakwambia ukurasa haupo. Iliyoegeshwa kwa kawaida itakuletea matangazo yaleyale, pengine ya viazi. Tazama pia seva za jina (Nameservers) kwenye lookup.icann.org. Wakati mwingine utakuta neno "parking" limo ndani yake. Kisha badala ya kiungo hicho weka cha nakala ya ukurasa wa zamani iliyoko web.archive.org, hifadhi ya kurasa za zamani, au kiondoe kabisa.

Kagua kwa simu yenye bando pia, si kwa Wi-Fi ya ofisi peke yake. Kurasa hizi humwonyesha kila mtu kitu chake kulingana na kifaa na mahali alipo, na baadhi hazina hata viungo: humrusha mgeni moja kwa moja kwa anayelipa, na huko ndiko kwenye yale maonyo ya uongo kwamba simu yako ina virusi.

Dada wa Nyali, ile anwani iliyobandikwa nyuma ya tuktuk ifunike kwa tepu leo, uandike namba ya simu juu yake. Halafu nitumie ule mstari wa hali.