Mitungi ya China Ilifikaje Stockholm?

SWALI: Ndugu Mhariri, mjukuu wangu anayesoma Sweden amenitumia picha alizopiga katika makumbusho ya sanaa na mambo ya kale ya Asia ya Mashariki yaliyoko Stockholm. Kilichonivutia ni mitungi ya udongo kutoka China, iliyochorwa mizunguko myekundu na myeusi kwa juu, huku chini ikiachwa mitupu. Je, mitungi hiyo iliibwa? Na mbona mchoraji aliishia katikati?
Mwalimu mstaafu, Kirumba, Mwanza

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1926, na chanzo chake ni Johan Gunnar Andersson, mwanajiolojia wa Sweden aliyeajiriwa na serikali ya China mwaka 1914 kutafuta madini, ambaye mwaka 1921 alifukua mabaki ya makazi ya kale huko Yangshao, mkoani Henan. Makubaliano yake na Wachina yalikuwa kwamba vitu vipelekwe Sweden vikachunguzwe, kisha nusu irejeshwe. Nusu hiyo ilirejeshwa kwa awamu kati ya 1927 na 1936. Mwaka uliofuata Japani ikaivamia China, na hadi leo sehemu kubwa ya vilivyorudishwa haijulikani ilipo.

Hata hivyo, makubaliano hayo yasitufumbe macho. Mitungi uliyoieleza inafanana na ile iitwayo Banshan, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, ambayo hutoka makaburini mkoani Gansu. Mingi Andersson hakuichimba bali aliinunua, na wanavijiji walipobaini kwamba mnunuzi yupo, wakaanza kufukua makaburi wenyewe. Siuiti wizi, ila marehemu hawakuulizwa.

Kuhusu mchoraji, kumbuka jinsi bibi zetu wa Usukumani walivyouchimbia mtungi wa maji kidogo mchangani, pembeni mwa nyumba, ili usiyumbe. Anayechota maji humo huuona mdomo na mabega ya mtungi. Sehemu iliyo chini ya tumbo lake haionekani. Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu mitungi ya Banshan ni hayo hayo: ilikaa chini, ikatazamwa kutoka juu. Mwombe mjukuu apige picha nyingine akiwa ameinua simu juu ya mtungi, kama kabati la kioo litamruhusu, nawe utaona mizunguko ile ikiuzingira mdomo mfano wa ua lililochanua.