Kabla Hujalipia Tairi la Vita: Maneno kwa Mafundi Wapya wa Pikipiki za Kijeshi

Kila msimu wa minada ya vipuri huwaona wenzetu wapya wakirudi karakanani na bashasha tele, kila mmoja amekumbatia tairi lililochakaa ambalo muuzaji amemwapia kwamba lilipigana Afrika Kaskazini katika Vita vya Pili vya Dunia, chini ya Montgomery, jemadari wa Waingereza. Nikiligeuza, nakuta ubavuni herufi DOT. Hizo ni herufi za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo iliundwa mwaka 1966. Wadogo zangu, nawapenda na ninajua mnasoma sana, lakini subira yangu nayo imeanza kuisha kashata, kwa hiyo nimeona niandike.

1. Tafuteni kwanza kile ambacho hakikupaswa kuwepo. Alama ya E ndani ya duara ilitokana na makubaliano ya Geneva ya 1958 kuhusu viwango vya vipuri vya magari. Namba ya uzito ikifuatwa na herufi ya mwendo, mfano 54P, ni ya zama hizi. Maneno ya Kiingereza yanayotaja Ujerumani Magharibi yanataja nchi iliyozaliwa 1949. Moja tu kati ya hizo likionekana, mazungumzo yamekwisha, hata kama tairi lina vumbi la Tobruk, mji wa Libya uliopiganiwa katika vita hivyo. Wengi wenu hufanya kinyume: mnakusanya dalili kumi za kulitetea tairi na hamtafuti hata moja ya kulikana.

2. Saizi mnazijua (upana wa tairi kisha kipenyo cha rimu, kwa inchi): 3.25-19 kwa pikipiki za Waingereza BSA M20, Norton 16H na Matchless G3/L, 4.00-18 kwa Harley-Davidson WLA ya Wamarekani, 4.50-16 kwa BMW R75 na Zündapp KS750 za Wajerumani. WLA iliyovalishwa 5.00-16 imepitia mikono ya raia. Palipo na hila zaidi ni kwa BMW R71, ambayo Wasovieti waliinakili na kuiita M-72. R71 ilitumia 3.50-19, na M-72 ikatumia 3.75-19. Wako wauzaji wanaoipaka M-72 rangi ya kijivu, wakaibandika nembo za Wehrmacht, jeshi la Wajerumani, na kuichonga namba upya, kisha wakasahau tairi lenye maandishi ya Kirusi. Msikimbilie kuhukumu, hata hivyo, maana R71 halisi nyingi zilifungwa tairi za Kisovieti baada ya vita kwa sababu ndizo zilizopatikana. Saizi ya 3.75-19 kwenye R71 ni sababu ya kuuliza maswali zaidi, haitoshi kumwita mtu mwizi.

3. Ujueni mpira wenyewe. Mwaka 1942 Japani iliiteka Malaya na visiwa vya Indonesia vilivyokuwa chini ya Uholanzi, na Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao, wakapoteza takriban asilimia 90 ya mpira wao wa asili. Ndipo Marekani ikaharakisha mpira wa viwandani ulioitwa GR-S, na tairi zake nyingi zikatiwa herufi S yenye tarakimu ubavuni. Huku kwetu pengo hilo lilizibwa kwa jasho la watu: katika Kongo ya Wabelgiji wanakijiji walilazimishwa tena kugema mpira wa mwituni, na Tanganyika mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu enzi ya Wajerumani yalifufuliwa. Wajerumani walikuwa na Buna, mpira wao wa viwandani, tangu kabla ya vita, na neno hilo huonekana kwenye tairi zao. Lakini kiwanda cha Schkopau kiliendelea kutengeneza Buna chini ya Ujerumani Mashariki kwa miongo kadhaa, kwa hiyo mpira huo peke yake hauthibitishi mwaka.

4. Nyuzi zilizosukwa ndani ya tairi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa niliaibika. Niliwahi kukabidhiwa M20 ambayo namba zake za fremu na injini, zote zikianza na WM20, zilioana na kumbukumbu za jeshi. Tairi la nyuma lilikuwa la 3.25-19, limesinyaa, lina nyufa za kuingia ukucha. Nikajiambia kwamba pikipiki ni ya vita, basi na tairi ni la vita, nikamwandikia mnunuzi hati kwa mkono wangu na kutia saini. Mnunuzi aliipeleka kwenye maonyesho. Mzee mmoja, aliyewahi kuzihudumia pikipiki hizo jeshini miaka ya 1950, aliinama upande wa mnyororo, akafuta grisi kwa kitambaa, akasoma neno NYLON kwa sauti. Wakati wa vita tairi za pikipiki zilisukwa kwa pamba au rayoni, na nailoni ilikwenda kwenye parachuti na ndege. Mimi sikuwa nimesoma upande ule kwa sababu nilikuwa mvivu wa kufungua gurudumu. Kurudisha fedha kuliniuma kidogo tu. Kilichoniuma hasa ni kwamba tangu siku hiyo yule bwana aliitilia shaka hata injini, ambayo ilikuwa halisi kabisa, na hapakuwa na neno langu lolote ambalo angeliamini tena. Zilitengenezwa M20 zipatazo 126,000, na jeshi la Uingereza lilizitumia muda mrefu baada ya 1945, likizibadilishia tairi kila zilipokwisha. Nyufa nazo hazihesabu miaka: tairi likiwekwa dirishani juani, miaka michache yatosha kulizeesha.

5. Pakeni chaki ubavuni, mulikeni tochi kwa mshazari, na pigeni picha pande zote mbili kabla ya kutaja bei.

6. Ukilipata la kweli, usilipande. Nyuzi za pamba huoza kwa ndani huku nje pakionekana pazima, na mwenye kubisha ajaribu kona moja ya lami iliyoloa, kisha atusimulie akiwa wodini. Funga tairi jipya la kuiga kwa safari, na lile la kweli lihifadhi bila upepo wa kulikaza, mahali penye giza na ubaridi, mbali na mota za umeme, kwa sababu cheche zake hutoa ozoni inayopasua mpira. Nasema hivi kwa yule kijana, anajijua, aliyetundika tairi lake la Buna juu kabisa ya kompresa.