Muuaji asizuke ukurasa wa mwisho

SWALI: Mhariri, walioisoma riwaya yangu wanalalamika kwamba muuaji, daktari wa familia, amezuka tu mwishoni. Nikimdokeza mapema, si watamjua?

JIBU: Mdokeze, tena waziwazi. Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox alitoa kanuni kumi za riwaya za upelelezi; mojawapo inamkataza mpelelezi kumficha msomaji kidokezo alichokiona. Hiyo naishikilia kwa mikono miwili.

Kazi ni kuchagua pa kukiweka. Sura ya tatu, ndugu wanagombania urithi, matusi yanaruka. Hapo daktari apaze sauti: “Jamani, mama yenu hata hajazikwa! Ngazi zile zimetupokonya mtu.” Hakuna aliyemwambia daktari mahali marehemu alipoangukia. Msomaji atamwonea huruma, akili yake ikiwa kwenye ugomvi. Akishamjua muuaji, atarudi kufunua sura hiyo na kulikuta neno lilelile.

Ila pacha aliyefichwa, nakusihi, usimlete. Na yule mpwa mlevi unayemtupia lawama njiani, mpe sababu ya kweli ya kudanganya. Labda usiku ule alikuwa akiuza pete ya marehemu.