Dhahabu Haiisikii Sumaku

Nimesoma kwamba sumaku hugeuza mwanga. Nikaweka sumaku ya spika mbele ya tochi, sikuona kitu. Nimedanganywa?

Hukudanganywa. Sumaku haipindi njia ya mwanga, inageuza upande ambao mawimbi yake yanatikisikia, na jicho halioni hilo bila kichujio maalumu. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aligundua hivyo mwaka 1845 kwa kipande cha kioo kizito. Mwaka 1877 mwanafizikia John Kerr akaliona tena kwenye mwanga unaoakisiwa na ncha ya sumaku ya chuma. Lakini hapo mgeuko haufiki hata nyuzi moja, ndiyo maana watafiti wanajaribu kuukuza kwa chembe ndogo sana za metali.

Chembe za metali zinaingiaje hapo?

Metali ikiwa chembe ya makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), elektroni zake huyumba zote pamoja kama bembea. Mwanga ukizisukuma kwa mdundo wao, zinayumba kwa nguvu sana: hiyo ndiyo resonansi ya plasmoni. Kikombe cha Lycurgus cha Waroma, kilichoko British Museum, ni cha kijani ukikitazama hivi hivi. Tia taa ndani, kinakuwa chekundu kama juisi ya rozela. Ni vumbi la dhahabu na fedha ndani ya kioo, basi.

Si watumie dhahabu tu?

Hapo ndipo penye kazi. Dhahabu inabembea vizuri, ila sumaku haiisikii. Nikeli inaisikia, lakini inameza nguvu na bembea inazimika mapema. Wengine wanabana kobalti katikati ya dhahabu, kama siagi kwenye mkate. Mimi navutiwa zaidi na wanaopanga vidonge vya nikeli kwa safu, wakiviachanisha kwa nafasi inayokaribia urefu wa wimbi la mwanga, nanomita mia kadhaa. Mwanga unaotawanywa na kidonge kimoja unamfikia jirani mdundo ukiwa uleule, kama wapiga kasia wanaofuata wimbo mmoja. Nguvu iliyokuwa ikipotea inafidiwa, na mgeuko unaongezeka kwenye rangi inayolingana na nafasi hiyo. Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, kilionyesha hivyo mwaka 2015.

Kuna na utamu mwingine. Sumaku ikiwepo, elektroni zinazoyumba kaskazini na kusini huvutwa kidogo mashariki na magharibi pia. Kwa hiyo ukibadili nafasi za safu za upande mmoja tu, mgeuko unahamia rangi nyingine. Metali hujaigusa.

Mimi fundi simu, inanihusu nini?

Dukani bado. Ila leza za mkongo wa intaneti zina kifaa kinachougeuza mwanga nyuzi 45 ili ukirudi usiisumbue leza, na kinahitaji fuwele na sumaku. Ndoto ni kukipunguza kikae kwenye chipu. Na kama uliwahi kufungua MiniDisc, zile diski ndogo za muziki za Sony za mwaka 1992, zile za kurekodia, zilisomwa kwa mgeuko huohuo wa Kerr.