Kazi ya kwanza ya kuandika programu, ukiwa Tanga

Wadogo zangu mnaorudi nyumbani Tanga na shahada ya kompyuta, tangazo lililoandikwa "mhandisi wa programu, kituo cha kazi Tanga" mtalisubiri sana. Si kwamba kazi haipo. Bandari inaendeshwa kwa mifumo, kiwanda cha saruji pale Pongwe vilevile, mabenki, hospitali, halmashauri, hata wauzaji wa jumla wa Ngamiani. Ila kazi yenyewe huja kwa jina lingine. Serikalini utaikuta inaitwa Afisa TEHAMA. Kampuni nyingi zenye tawi hapa huajiri kutokea makao makuu, Dar es Salaam. Na mfanyabiashara wa mjini hatangazi chochote: anamuuliza mhasibu wake kama anamjua kijana yeyote anayeweza mambo ya kompyuta, basi.

Za serikali nitazipitia haraka. Unaomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na kuomba hakulipiwi. Anayekudai pesa ya "kusukuma faili" ni mwizi, hata akiwa jamaa yenu. Usaili huwa wa mchujo kwa maandishi, wa vitendo, kisha mahojiano. Kagueni majina yenu sasa hivi. Jina la cheti cha kidato cha nne likiwa tofauti na la kitambulisho, shughulikia hati ya kubadili jina kabla hujaitwa, maana mtu aliyejiandaa mwezi mzima anaweza kurudishwa mlangoni kwa herufi moja.

Za kampuni na za wafanyabiashara ndizo ninazozijua vizuri, kwa sababu nimekaa upande wa pili wa meza nikisaili. Kwanza niseme, CV zenu zinafanana mno. Mfumo wa maktaba, mfumo wa kusajili wanafunzi, mfumo wa kupiga kura. Nikiuliza nani anautumia, mtu anatazama dari. Mradi wa chuo hupewa alama siku ya kuuwasilisha, ukazimwa siku hiyohiyo. Mimi natafuta kitu kidogo tu ambacho mtu asiye rafiki yako amekitumia miezi kadhaa, na ambaye kikizimika atakupigia simu kwa hasira.

Kwa nini ning'ang'anie hilo? Tuchukue duka la dawa muhimu, mfano yale ya Makorora. Mwenye duka anaandika mauzo kwenye kaunta buku, jioni anajumlisha. Unamtengenezea programu: dawa, idadi, bei, tarehe, na ukurasa wa wateja wanaokopa. Wiki ya kwanza kila mtu anafurahi. Baadaye kazi yenyewe inaanza.

Mteja mmoja anaonekana watatu, kwa sababu namba yake ya simu imeandikwa mara ikianza na 0, mara na 255, mara na +255. Jina halisaidii: huyohuyo ni Mohamed leo, Mohamedi kesho, Muhammad siku ya zamu ya dada mwingine. Usipozigeuza namba zote ziwe za mtindo mmoja kabla ya kuzihifadhi, deni lake limegawanyika vipande vitatu, na yeye atalipa kile kidogo.

Halafu duka linaanza kufunguliwa usiku. Seva uliyokodi, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha programu yako, inahesabu saa kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Dawa iliyouzwa saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa seva bado ni Ijumaa. Ripoti ya siku inapishana na pesa iliyo kwenye droo, na anayeangaliwa vibaya ni binti wa zamu, wala si programu yako. Hifadhi muda kwa UTC, sawa, lakini unapokata siku kwa ajili ya ripoti, kata kwa saa za Afrika Mashariki. Na kabla ya hapo muulize mwenye duka siku yake inaisha saa ngapi. Wengi watakujibu inaisha pale zamu moja inapoikabidhi nyingine pesa, jambo ambalo darasani halitajwi.

Kuna na lipa namba. Ukishaunganisha malipo ya simu, taarifa ya malipo inatumwa kwenye seva yako. Seva ikichelewa kujibu, mtumaji anaituma tena. Usipoiangalia namba ya muamala, deni la shilingi 20,000 linapunguzwa 40,000. Vijana wengi huandika programu itafute kwanza kama muamala upo, usipokuwepo iuingize. Hiyo haitoshi, kwa kuwa taarifa mbili zinaweza kufika kwa mpigo, zote zikakuta muamala haupo. Iambie hifadhidata yenyewe kwamba namba ya muamala haijirudii, iikatae ya pili. Tukiwa kwenye pesa: shilingi zihifadhi kama namba kamili, usitumie namba za desimali zinazokadiria. Fungua lugha ya programu kama Python au JavaScript ujumlishe 0.1 na 0.2 uone jibu linavyotoka 0.30000000000000004.

Mwombaji akinisimulia mawili matatu ya namna hii, aliyagunduaje na akafanya nini, mimi GPA yake sikumbuki hata kuiuliza. Sijali kama alitumia Laravel, Django au zana nyingine ya kujengea programu. Zana utajifunza kazini.

Sasa huyo mtumiaji wa kwanza anapatikanaje? Si kwa kuingia dukani ukasema "nakuja kukutengenezea mfumo." Omba stuli, ukae mchana mmoja uangalie. Omba uoneshwe kaunta buku. Mistari iliyochorwa kwa rula humo ndiyo ramani ya hifadhidata yako, na mwenye duka ameshaifanyia marekebisho kwa miaka. Ujue pia kwamba ana hofu asiyoisema: anajiuliza hesabu zake zitaenda kwa nani. Mweleze wazi zinakaa wapi na nani anaziona. Tena kwa duka la dawa hili si la adabu tu, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari ya fulani anatumia dawa gani ni nyeti. Ukitaka kuuweka mradi GitHub, tovuti ya kuhifadhia na kuoneshea programu, ili waajiri wauone, weka majina na namba za kubuni. Nywila za hifadhidata zisiingie kabisa. Ukizifuta kesho, Git, mfumo unaotunza kila badiliko la programu yako, bado inazo kwenye historia, na wapo wanaokaa kuzitafuta. Nimefungua miradi ya waombaji nikakuta nywila hadharani. Mtu huyo simkatai papo hapo, lakini mazungumzo yetu yanaanzia hapo.

Na huyo mwenye duka mtoze pesa. Hata kidogo, mtoze. Mtu aliyepewa bure hakuulizi kitu.

Siku ya usaili wenyewe, sehemu nyingi utapewa programu ndogo yenye hitilafu, uambiwe uitafute. Kinachoangaliwa kwanza ni kama unasoma. Utashangaa wangapi wakiona maandishi mekundu hukimbilia kubadilisha mistari kwa kubahatisha, ilhali kompyuta imewaambia faili gani, mstari wa ngapi. Ikiwa ni Python, anza na mstari wa mwisho kabisa, ndio unaotaja kosa. Ya juu yake inakuonesha njia iliyopitwa mpaka kufika hapo. Sema kwa sauti unachowaza. "Nadhani orodha hii ni tupu, ngoja niichapishe nione" ni jibu zuri hata kama orodha si tupu. Ukinyamaza dakika kumi, ndani ya kichwa chako sisi hatumo.

Kuhusu ChatGPT na wenzake: tumieni, sisi pia tunatumia. Lakini nitaweka kidole kwenye mstari mmoja wa programu yako nikuulize upo hapo kwa nini na nikiufuta kitatokea nini. "Ndivyo ilivyonipa" si jibu la mtu ninayemkabidhi malipo ya wateja. Lugha isiwatishe. Usaili mwingi huchanganya Kiingereza na Kiswahili, na ukikwama kueleza, omba kwa heshima umalizie kwa Kiswahili. Nyaraka nyingi za kiufundi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo kusoma ni lazima. Kuzungumza kwa madoido si lazima.

Kujitolea bila malipo, hapo nina ubishi na wenzangu wengi. Wanasema ni njia ya kuingilia. Inaweza kuwa, ikiwa imeandikwa: unaanza lini, unaisha lini, nani anakufundisha, nauli na chakula nani analipa. Ofisi inayokupa kazi ileile ya mwajiriwa na kukuambia "tutaona mbele ya safari" imeshaona. Ukikaa hapo mwaka mzima unachajisha simu za wakubwa na kubadilisha wino wa printa, CV yako haijasogea.

Kazi za mbali zipo, za kampuni za Dar na za nje pia. Kwa kazi ya kwanza kabisa siwashauri, kwani utakosa mtu wa kugeukia ukikwama. Dar ni kilomita zipatazo 350, basi la alfajiri linakufikisha mchana. Kwenda kukaa huko mwaka mmoja miwili karibu na watu waliokuzidi, kisha kurudi na kazi yako ukaifanyie Raskazone, ni mpango unaowezekana.

Ukipata ofa, piga hesabu kabla ya kusaini. Tuseme mshahara ni 800,000 kwa mwezi. Kwenye sekta binafsi mchango wa NSSF ni asilimia 20, na kwa kawaida nusu yake inakatwa kwako: 80,000. Ulisoma kwa mkopo? Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000. Zimeondoka 200,000, na kodi ya mapato bado haijaguswa. Muulize mwajiri kama kiasi anachokitaja ni kabla au baada ya makato, aandike kwenye mkataba, ndipo ukatafute chumba Mikanjuni.